Kabla Matundu ya Jiko Hayajazibwa

Aika mwanangu,

“Hakuna kinachouharibu mlima huu kama jengo la zamani. Linakula kuni, linavujisha joto, linafuga ukungu. Anayeupenda mlima kwa dhati atalivunja, ajenge jipya.”

Unayakumbuka maneno hayo. Ulikuwa kidato cha tatu, umekaa dirishani kwenye ukumbi wa kijiji ukimenya ndizi ya kuchoma, wakati yule bwana wa kampuni alipoyasema huku ametuwekea picha ya hoteli yake ya vioo, miti imepangwa pembeni kama kachumbari kwenye sahani. Watu walikuwa wanatikisa vichwa kukubali. Nikaomba kusema.

Niliyosema siku ile nayasimamia hata leo. Mawe ya Hoteli ya Jiwe, hoteli yetu ya kijiji aliyotaka kuivunja, yalishachimbwa, yalishachongwa, yalishapandishwa juu kule kwa migongo ya babu zetu, na hakuna atakayekuja kulitoa tena jasho lile. Kuyavunja maana yake ni kuyamwaga bondeni, kisha kupandisha malori ya simenti, nondo na vioo kwenye barabara ambayo masika huwa uji. Mihimili ya dari ilitoka kwenye miti ambayo leo ukiikata unakwenda jela. Anayesema tuitupe ili tuokoe msitu, msitu gani anaouzungumzia? Na hiyo hoteli ya vioo, kwenye baridi ya ukingoni mwa msitu, itapashwa joto na nini? Ukuta wa jiwe wenye unene wa mkono mzima unalinywa jua mchana na kulitoa taratibu mpaka alfajiri. Mgeni aliyeshuka kutoka kileleni na vidole vimekufa ganzi anauegemea, anafumba macho. Sijawahi kumwona mtu anaegemea kioo kwa raha.

Nilimshinda yule bwana. Alikusanya karatasi zake akashuka Moshi bila hata kumaliza soda. Kijiji kilibaki na hoteli yake, na kamati ikaniteua katibu palepale. Wewe ulikuja ukanishika mkono, ukaniambia, “Baba, umemchana!” Nilijiona mrefu kuliko Mawenzi.

Mama yako ameshakuambia kuhusu chandarua, joto la Tanga, namna ya kuficha simu stendi, na watu wa ukoo wetu walioko huko ambao lazima uwasalimie kabla ya wiki kuisha. Sina la kuongeza. Ninakuandikia jioni hii kuhusu miaka iliyofuata ushindi ule, kwa sababu hadithi yake unaijua nusu, na hiyo nusu unayoijua ni ile niliyokusimulia mimi.

Unajua kwamba ukuta wa kusini uliharibika. Unajua tulibandua plasta yote. Nilikueleza kuwa ilikuwa ni “makosa ya kamati”. Hayakuwa makosa ya kamati, Aika. Yalikuwa yangu, na niliyafanya mbele ya watu zaidi ya mia, kwa sauti kubwa, nikiwa na vitabu vitatu mkononi.

Baada ya kuikomboa hoteli tulikaa kupanga matengenezo. Fundi Elifuraha, ambaye baba yake ndiye aliyekuwa akiutunza ujenzi wa pale miaka yote, akasimama akasema kuta zile zimejengwa kwa chokaa na udongo, basi zipakwe chokaa. Alisema mara moja, kwa sauti ya mtu anayeomba apishwe njia. Akaongeza kwamba ukuta unapumua.

Nami nikainuka. Unanijua nikiinuka. Nikasema, “Ndugu zangu, Fundi anatuambia ukuta unapumua. Keshokutwa atatuambia unakohoa, tuupeleke hospitali ya KCMC.” Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Nikaendelea kwa nusu saa. Nikasema chokaa na tope ndiyo hasa dharau ambayo yule bwana wa kampuni alitutupia. Kwamba alituona watu wa tope. Kwamba tutampa jibu kwa simenti safi, laini, nyeupe, ukuta ambao hata akiupitia na gari lake atauonea haya. Nikasoma vifungu kutoka kwenye vitabu vyangu. Vitabu vilikuwa vizuri sana. Vilihusu majengo ya matofali ya saruji katika nchi ambazo hazina ukungu wa msitu wetu, jambo ambalo sikuliona kwa sababu nilikuwa natafuta vifungu vya kusoma kwa sauti.

Elifuraha alikaa.

Tukapaka simenti. Ilipendeza, usinielewe vibaya, ilipendeza mno. Harusi mbili zilipigiwa picha pale. Masika ya kwanza yalipita. Masika ya pili maji yaliingia kwenye nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, kama yalivyokuwa yakiingia siku zote, ila safari hii hayakuwa na pa kutokea. Zamani yangetoka kupitia chokaa, jua likipiga, ukuta unakauka. Sasa yalibaki ndani kama maji kwenye buti la mpagazi. Yakapanda. Yakafika kwenye vichwa vya mihimili, pale inapoingia ukutani, gizani, mahali ambapo hakuna mtu anayetazama.

Nilipanda mimi mwenyewe kutazama siku plasta ilipovimba na kudondoka kipande cha ukubwa wa mlango juu ya meza ya chakula. Namshukuru Mungu hakukuwa na mgeni. Nikaweka kidole kwenye mhimili, ule mti ambao serikali nzima haiwezi kukupa mwingine, kidole kikazama hadi kwenye kiungo. Kama parachichi lililoiva.

Nimegombana na wakuu wa wilaya, Aika, na wachungaji, na mapadri, na wanunuzi wa kahawa, na wahariri waliokata makala zangu. Mara nyingi nilikuwa na haki. Siku ile nikiwa juu ya ngazi nilielewa kwamba nilimfukuza yule bwana mlangoni, kisha mwenyewe nikaingia ndani kuifanya kazi yake. Tofauti ni kwamba yeye angelivunja jengo kwa wiki mbili na kila mtu angeona.

Ilinichukua miezi minne kwenda kwa Elifuraha. Nasema miezi minne ili ujue baba yako ni mtu wa namna gani. Kila asubuhi nilikuwa na sababu. Mama yako ndiye aliyekwenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, akachuma jani la isale, akaliweka juu ya kikombe changu cha chai, akatoka.

Wewe umekua ukiuona mmea huo ukifanya kazi ya ua tu, na kizazi chenu mnadhani ni mambo ya makumbusho. Ukimpelekea mtu jani la isale umekiri kosa kabla hujafungua mdomo, naye hana ruhusa ya kulikataa. Kwa mtu kama mimi hiyo ndiyo adhabu yenyewe, kwamba huwezi kutanguliza maelezo.

Nilimkuta Elifuraha mtaa wa Njoro, Moshi mjini, nyuma ya nyumba ya shemeji yake, anafyatua matofali ya simenti. Baada ya kicheko kile hakuna aliyempa tena kazi ya chokaa, hivyo alishuka mjini kufanya alichokuwa akikipinga. Aliniona, akaendelea kushindilia kalibu lake.

“Gazeti,” akasema. Unajua wenzangu wananiita hivyo. “Umepotea njia?”

“Sijapotea.”

“Au umekuja kununua tofali? Haya hayapumui, usiogope.”

Nikatoa jani. Alifuta mikono kwenye suruali, polepole, vidole vyote, akalipokea. Akaliangalia pande zote mbili kama anayetafuta maandishi.

“Hili napokea,” akasema. “Nisipopokea, marehemu baba atanisumbua. Ila ukuta haupokei majani. Umeleta jani. Chokaa je?”

Masharti yake yalikuwa mawili. Simenti yote ibanduliwe kwa mkono, kwa tindo na nyundo ndogo, isitumike mashine yoyote itakayotikisa mawe. Na mimi niwe miongoni mwa watakaoshika tindo.

Ulikuwa likizo, ukaja kusaidia, ukadhani baba yako amepata mapenzi ya ghafla na kazi za mikono. Tulibandua kuanzia Juni hadi kahawa ilipoisha kuchumwa. Kucha zangu mbili hazikurudi sawa. Katika miezi yote hiyo Elifuraha hakuniambia hata mara moja “nilisema”. Nilikuwa nasubiri aseme; ingenipa nafasi ya kujitetea. Mwishoni nilimuuliza mwenyewe, tukiwa tumekaa kwenye kifusi tunakunywa mtori wa mama yako kutoka kwenye chupa ya chai.

“Siku ile ukumbini, kwa nini hukunijibu?”

“Hukuwa umeuliza,” akasema. “Ulikuwa unahutubia.”

Akaomba nimmiminie tena.

Sasa nije kwako, maana haya yote ni njia ya kufika kwako, na nimezunguka kwa sababu naogopa.

Kamati imekuchagua wewe kwenda Tanga miaka miwili kujifunza kuchoma na kuivisha chokaa kwa mafundi wanaotengeneza nyumba za kale. Walikuchagua bila mimi. Nilitoka nje ya chumba, na Elifuraha ndiye aliyelitaja jina lako. Una diploma ya ujenzi, una mkono mwepesi, unajua kutumia kompyuta ambayo mimi naiogopa. Mpango wako wa kuacha kuni jikoni na kupikia gesi ya samadi ya ng'ombe wetu wenyewe ni mpango bora kuliko wowote uliowahi kuletwa mbele ya kamati ile. Msitu utapumzika. Nasema hivi kwanza ili ujue ninachokuja kukisema hakifuti hili.

Jumamosi iliyopita, mkutanoni, ulionyesha ramani yako ya jiko. Gesi badala ya kuni. Dari jipya la mbao. Tabaka la kuzuia baridi juu ya dari. Na yale matundu ya moshi yaliyoko juu ya kuta, yote kumi na mawili, yazibwe, ili joto lisitoroke. Mama Ndeshi, ambaye amepika kwenye jiko lile tangu wewe hujazaliwa, akanyoosha mkono.

“Mwanangu,” akasema, “kuni ondoa, mimi macho yangu yameshachoka. Ila ukiondoa moto, acha matundu. Ukiziba matundu, acha moto. Ukifanya vyote viwili, lile paa litashuka litukute tunakatakata vitunguu.”

Nawe ukatabasamu. Ukasema, “Mama, hii ni hesabu ya joto, si mapishi.”

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Aika, mimi nilipiga makofi. Mikono yangu ilikuwa imeshapiga kabla sijasikia nilichokuwa nashangilia. Kisha nikamwona Mama Ndeshi anakaa, anavuta khanga yake mabegani, na nikamwona Elifuraha anatazama sakafu.

Usidhani nakulaumu kwa kitu ulichojizulia. Nani alikufundisha? Ulikuwa na miaka tisa nikaanza kukupa hoja mezani, nikikulazimisha utetee upande usioupenda, na ukinibana nakupa nyama ya mfupa kutoka kwenye sahani yangu. Kaka yako alikuwa anakula kimya akitutazama. Nilijivunia sana mchezo ule. Nilikufundisha kuona upesi mahali ambapo maneno ya mwenzio ni mepesi, ukapiga hapo. Sikukufundisha kwamba mtu anaweza kuwa na maneno mepesi na kitu kizito nyuma yake, kwa sababu sikulijua hilo mpaka kidole changu kilipozama kwenye mhimili.

Kingine nimekiwaza wiki nzima. Mimi nilipaka simenti ili yule bwana wa kampuni akipita aone haya. Wewe umeyaziba matundu kwenye ramani kwa sababu alisema jengo letu linavujisha joto, na ulitaka kumwonyesha kwamba linaweza kufungwa sawasawa na lake la vioo. Sote wawili tulilitengeneza jengo kwa ajili ya macho ya mtu asiyelala ndani yake. Amekaa Dar huko, labda ametusahau, na bado ndiye anayetuchorea ramani.

Leo mchana nilipanda hotelini. Mbao za dari zimeshafika, zimepangwa barazani. Kazi inaanza Jumatatu, wewe ukiwa Tanga. Nilimkuta Elifuraha anachonga ngazi, nikamuuliza ana maoni gani kuhusu matundu.

“Ramani ina saini,” akasema. “Nitafuata ramani.”

“Nakuuliza wewe.”

“Gazeti, mimi niliwahi kusema mbele ya familia yenu. Mara moja inanitosha.”

Hayo ni matunda yangu. Mtu anayejua zaidi yetu sote ataziba matundu kumi na mawili kwa mikono yake mwenyewe, kimya, kwa sababu nilimfundisha kwamba kusema hakusaidii.

Nikaingia jikoni, nikaomba kupanda darini. Mama Ndeshi alinishikia ngazi, akacheka mpaka ngazi ikatikisika. “Panda taratibu, Gazeti. Ukitumbukia kwenye hilo sufuria, wageni watakula habari.” Nikafika juu nikashika kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Ni nyeusi tii kwa masizi, kavu, na ukizigonga zinalia kama kengele. Hazina hata tundu moja la mdudu. Nikatoka nikaenda upande wa vyumba vya wageni, ambako hakujawahi kuwa na moto, nikashika kenchi za umri uleule na mti uleule. Unga wa mbao iliyoliwa na bungua ulinijaa kwenye kiganja.

Sijui kama hilo linathibitisha anachosema Mama Ndeshi, kwamba moto au upepo wa matundu, kimojawapo lazima kiukaushe ule mti. Nimekuwa na uhakika mara nyingi mno maishani, naomba safari hii niruhusiwe kutokujua. Labda gesi itatoa joto la kutosha. Labda tabaka lako lina njia ya kupitisha unyevu ambayo sikuielewa ulipoieleza. Labda nusu ya matundu yatosha. Hesabu unaijua wewe. Ila hesabu hiyo haikuwa na moto wa miaka yote hiyo ndani yake, wala ukungu unaoingia pale saa kumi jioni ukakaa hadi asubuhi, na mtu pekee aliyeishi na vyote viwili tulimcheka.

Utaniuliza kwa nini nisiende mimi kwenye kamati kesho nikazuia kazi. Naweza. Ningeongea dakika kumi, na wangeniunga mkono wote, na wewe ungefika Tanga ukasikia kwamba baba amekuchana mbele ya kijiji. Na Mama Ndeshi angebaki palepale alipo, mtu ambaye wawili wenye midomo, mimi na wewe, wamemgombania juu ya kichwa chake. Nimekataa. Saini ni yako.

Kuna jambo moja tu nimeliona katika miaka yangu ya ugomvi, na nakuachia si kama sheria, nakuachia kama kitu nilichokiokota njiani. Nikitazama nyuma, mara nilizoshindwa hazikunigharimu sana. Makala ilikataliwa, nikaandika nyingine. Zilizoniumiza ni zile nilizoshinda upesi, huku watu wakicheka, kwa sababu baada ya hapo hakuna aliyenirudia na ukweli niliokuwa nimeukosa. Waliuchukua wakaenda nao nyumbani. Elifuraha alikwenda nao hadi Njoro.

Mafundi wa Tanga hawatajua wewe ni mtoto wa nani. Hutakuwa na kijiji cha kukupigia makofi. Nakuonea wivu. Utakutana na mtu asiyeweza kueleza kwa nini chokaa inaachwa kwenye shimo muda wote ule kabla ya kutumika, atakuambia tu “hii bado”, na utahisi ulimi wako unawasha. Mimi ulimi wangu ungekuwa umeshatoka.

Lakini hiyo ni Tanga. Mimi nina shida na kesho.

Basi lako linaondoka Moshi saa nne. Mama Ndeshi anafika jikoni saa kumi na mbili kuwapikia wapagazi uji. Elifuraha atakuwepo, nimemwomba awepo, sikumwambia sababu. Kaka yako atakupandisha kwa pikipiki. Mizigo itatangulia stendi na mama yako.

Nenda, Aika. Msalimie yule mama shikamoo, mwambie ulimcheka na hukupaswa, kwa maneno hayohayo, bila kuanza na “lakini”. Mwombe akushikie ngazi. Panda ushike zile kenchi kwa mkono wako, kisha uende upande wa wageni ushike na zile nyingine. Shuka umuulize Mama Ndeshi ameona nini miaka yote hiyo, na akianza kueleza vibaya, mwache aeleze vibaya mpaka amalize. Muulize na Elifuraha, na usiondoke mpaka akujibu. Ukiona wamekosea, waambie kwa nini na uwasikilize wakikupinga. Ukiona wako sawa, ichukue ramani ukutani, kata mstari kwenye kila tundu ulilolifunga, yote kumi na mawili au idadi mtakayokubaliana, uweke saini yako upya mbele yao. Usinitume mimi. Usipige simu kutoka Tanga.

Na basi la kesho likikuacha, panda la Jumamosi.

Baba yako